Kelele na Uzito wa Lori la Dizeli Wakati wa Kipupwe

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, asubuhi za Njombe, Makete na Mufindi huwa na baridi kali, na mahali pengine umande huganda juu ya majani. Hii ndiyo miezi ambayo vyama vingi vya msingi vina mzigo wa kubeba, na ndiyo miezi ambayo madereva wa malori ya zamani hufika ofisini na malalamiko ya namna moja: injini inagonga kama nyundo ya mhunzi, moshi mweupe umetanda kiwanjani, na lori likishawaka hupanda mlima kana kwamba limefungwa breki. Aghalabu jibu linalotolewa ni moja tu, nalo ni ghali: injini ifunguliwe. Kamati ikiidhinisha bila vipimo, chama kinaweza kulipia pistoni, ringi na beringi mpya, lori likakaa juu ya mawe msimu mzima, kisha kipupwe kinachofuata mlio ukarudi uleule.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini baridi huleta kelele. Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche kama ya petroli. Hewa hufinywa ndani ya silinda mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi na sita ya ujazo wake wa awali, na kwa kufinywa huko hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Sentigredi. Dizeli inyunyizwapo humo huwaka yenyewe, ila baada ya kukawia kidogo sana. Injini ikiwa baridi, kuta za silinda hunyonya joto la ile hewa, na kule kukawia huongezeka. Dizeli hujilimbikiza, kisha huwaka yote kwa mkupuo. Mkupuo huo ndio ule mlio mkavu wa asubuhi, na mafuta yasiyowahi kuungua ndiyo moshi mweupe. Miinuko nayo huongeza taabu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko ya pwani. Lori lisilo na tabo haliwezi kuwa na nguvu zilezile lililokuwa nazo Dar es Salaam, hata likiwa jipya.

Kwa hiyo swali la kwanza la katibu kwa dereva lisiwe kama injini inagonga, bali inagonga lini. Mlio unaokoma baada ya dakika tano au kumi, moshi mweupe ukikoma pamoja nao, ni mlio wa baridi na si ugonjwa. Mlio kama wa debe tupu, unaofifia taratibu kadiri injini inavyopata moto, aghalabu ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Huo ni uchakavu, lakini lori linaweza kumaliza msimu nao. Unaotisha ni ule mlio mzito wa chini unaozidi oili inapopata moto na injini inapobeba mzigo, huku geji ya presha ya oili ikishuka. Hizo ni beringi za krenki, na lori hilo lisimamishwe siku hiyohiyo.

Rangi ya moshi nayo ina maneno yake. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa na moto wa kutosha huonyesha nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, au pampu iliyochelewa kupeleka mafuta. Pampu iliyochelewa hulifanya lori kuwa zito. Iliyowahishwa mno hulifanya ligonge kwa ukali. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na hapo chujio la hewa litazamwe kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa injini za zamani zenye pampu ya mstari, fundi anaweza kulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma taratibu. Bomba lifunikwe kwa kitambaa kizito, na mkono usikaribie mnyunyizo, kwa maana dizeli yenye presha hiyo hupenya ngozi na jeraha lake huhitaji hospitali mara moja. Injini za kisasa zenye reli moja ya mafuta zisiguswe kwa njia hii kabisa. Mlio ukitoweka silinda ya tatu inapokatwa, tatizo limo katika silinda hiyo, lakini bado haijajulikana kama ni nozeli au ni beringi ya konrodi, kwani zote mbili hunyamaza mzigo unapoondolewa. Nozeli hiyo na ihamishiwe silinda nyingine, ikiwa na washa mpya ya shaba. Mlio ukihama nayo, mwenye hatia amepatikana kwa gharama ndogo. Ukibaki palepale, nozeli haina kosa.

Kifaa kinachosahauliwa kupita vyote ni thamostati. Ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Malori mengi ya zamani hayanayo. Pengine lori lilichemka siku moja kwenye mlima wa Kitonga, fundi akakitoa ili safari iendelee, na kikasahaulika. Dereva wa pwani hawezi kuona tofauti kubwa. Katika baridi ya Makete, injini hiyo hushinda baridi kutwa nzima: hugonga hadi jioni, hula mafuta mengi, na dizeli isiyoungua hupenya kwenye ringi na kuizimua oili. Maji na asidi zitokanazo na moshi hutua kwenye kuta za silinda na kuzila. Hivyo lori lililotolewa thamostati ili lisichemke hufikishwa kwenye matengenezo makubwa kwa ubaridi, tena bila dalili ya kutisha. Katika injini nyingine, kukiondoa kifaa hicho hata hakuzuii kuchemka, kwa kuwa maji hupita njia ya mkato na kuiacha rejeta.

Kukagua hakuhitaji gereji. Injini iwashwe ikiwa baridi, na mkono uwekwe juu ya bomba la mpira la juu la rejeta, mbali na feni. Bomba likae baridi kwa dakika kadhaa, kisha lipate moto kwa ghafla. Likianza kupata vuguvugu tangu mwanzo, thamostati haipo au imekwama wazi. Iliyotolewa inaweza kupimwa kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto: ifunguke karibu na nyuzi zilizogongwa juu yake, kwa mfano 82. Oili inayopanda kwenye kijiti cha kupimia huku ikinuka dizeli ni ushahidi mwingine. Boksi la karatasi ambalo madereva hulisimamisha mbele ya rejeta lina msaada wake kwa safari fupi, mradi jicho lisitoke kwenye geji na liondolewe kabla ya kupanda mlima. Lakini ni magongo, si mguu.

Uzito wa lori huweza kutokana na mambo madogo zaidi. Mtu mmoja akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho, mwingine atazame kama mkono wa pampu unafika kwenye kikomo chake. Waya uliolegea umewahi kulipiwa kama pampu mbovu. Baada ya mwendo mfupi zikaguliwe drami za magurudumu, bila kuzishika kwa haraka: moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki inashika. Tangi likilala nusu tupu, unyevunyevu hutengeneza maji usiku, hivyo lijazwe jioni, na bomba la chini la chujio lifunguliwe asubuhi kutoa maji. Dizeli ya nchi za joto huweza pia kutoa chembe za nta kabla maji hayajafikia kuganda, na chembe hizo huziba chujio. Mafuta ya taa yanayochanganywa kuiepuka nta hiyo huinyima pampu ulainisho, na pampu ni ghali kuliko chujio. Etha ya kupuliza kwenye njia ya hewa hulipuka kwa nguvu kiasi cha kuvunja ringi.

Oili yenye namba 40 peke yake huwa nzito mno alfajiri. Stata huzungusha polepole, na mzunguko wa polepole haupashi hewa joto la kutosha. Pale kitabu cha lori kinaporuhusu, oili ya 15W-40 ni nyepesi asubuhi bila kupungua uzito unaotakiwa injini ikiwa moto. Baada ya kuwaka, dakika mbili tatu za kungoja presha ya oili zinatosha, kisha lori liondoke kwa mwendo wa pole. Kulinguruma bure nusu saa huosha oili kwenye silinda.

Haya yote yaandikwe katika daftari la safari: saa ya kuwashwa, muda wa mlio, rangi ya moshi, geji ya oili na ya maji. Yakishakaguliwa na lori likabaki zito, fundi apime mfinyo wa kila silinda kwa geji ya dizeli, kwani ya petroli haiwezi kuhimili presha hiyo. Tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kubwa kuliko namba yenyewe. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, ombi la kufungua injini lina msingi, na barua inayopelekwa kwa kamati itaje ni silinda ipi na ilisomaje.