Tausi wa Kongo, ndege wa pori la chini

Yule tausi wa kwenye picha, mwenye mkia mrefu wenye macho-macho, asili yake ni Asia. Kongo yetu ina tausi wake, na porini hapatikani katika nchi nyingine yoyote. Nyinyi wa Bukavu, Kabare na Walungu msimtafute huku juu kwenye baridi. Mbuga ya Kahuzi-Biega, yenye hekta 600,000, ina sehemu mbili: ile ya milima karibu na Bukavu, na ile ya chini kuelekea Itebero na Nzovu, kwenye joto na miti mikubwa ya zamani. Tausi ni wa huko chini.

Dume ana rangi ya buluu nzito inayong'aa kijani na zambarau, shingo ina ngozi nyekundu isiyo na manyoya, na kichwani kuna kishungi cheupe kilichosimama. Jike ni wa kahawia, mgongo kijani. Wengine humchanganya na kanga wa msituni. Kanga ana madoadoa na anatembea kwa kundi. Tausi hana madoadoa, na mara nyingi utawakuta wawili tu, bwana na bibi.

Mchana anatembea chini, anapekua majani makavu kama kuku wetu, anaokota matunda yaliyoanguka, mbegu na wadudu. Giza likiingia anapanda mtini kulala. Usiku ndipo mtamjua: dume na jike wanaitana kwa kupokezana, sauti kubwa ya kufika mbali.

Wataalamu walichelewa kumjua. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mtu huko Ituri, akauchukua bila kujua ni wa ndege gani. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa eti ni tausi wachanga wa India. Hapo unyoya ukapata mwenyewe. (Mwenye kofia, bila shaka, hakuwa na cha kugundua.)

Sasa shida iko wapi? Ni mitego ya waya. Mtu anatega mboloko, lakini waya hauchagui: chochote kinachotembea chini kinanaswa. Na hesabu ya huyu ndege ni mbaya. Kuku wa kienyeji anaatamia mayai 10 au zaidi. Tausi wa Kongo anataga 2 mpaka 4 tu, na jike peke yake anayalalia karibu siku 26. Akinaswa wakati huo, na mayai yamekwisha. Pori likikatwa kwa shamba, makala au madini, hana tena mahali pa kupekua.

Tunajua watu hawategi kwa kujifurahisha. Watoto wanataka mboga. Ndiyo maana koperative za kando ya pori zinapopanga msimu, kuku, sungura na kobayi waingie kwenye mpango sawa na mihogo na mpunga, na shamba lililopumzika lirudiwe kabla ya kufungua pori jipya. Nyaya za zamani ziondolewe, kwa maana zinaendelea kunasa hata mwenyewe akishazisahau. Na mkisikia tausi wakiitana usiku, andikeni tarehe na jina la mto ulio karibu, mumwambie mlinzi wa ICCN akipita kwenu.