Alichaguliwa Mara Tatu Kabla ya Kuketi

Tunapozungumza juu ya siasa za Marekani, wengi wetu humtaja Rais, na tukizidi sana tunataja Kongresi iliyoko Washington. Kumbe kila jimbo kati ya yale 50 lina bunge lake, spika wake na sheria zake. Mwanafunzi wa Kenya anaweza kulifananisha na bunge la kaunti, lakini ajue kwamba la kule lina meno zaidi. Ndilo hutunga sheria za jinai, za shule na za ndoa, na katika majimbo mengi ndilo huchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi, hata ya wale wanaokwenda Washington. (Jambo hilo la mipaka, msomaji, liweke akilini, tutalirudia.) Na wengi wa wabunge hao si wa kazi ya kutwa. Katika jimbo la Georgia bunge hukutana kwa siku 40 za kazi tu kwa mwaka, kisha mtu anarudi kwenye duka lake, shamba lake au ofisi yake.

Mbunge ninayetaka kumweleza hapa ni Julian Bond wa Georgia. Wananchi walimchagua mwaka wa 1965, bunge likamkataa. Wakamchagua tena, likamkataa tena. Swali lililozuka ni hili: kiti cha mbunge ni cha nani hasa, cha wenzake wanaoketi naye au cha wale waliompigia kura?

Bond alizaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 14 Januari 1940. Babake, Horace Mann Bond, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo kile kile alichosomea Kwame Nkrumah wa Ghana. Kwa hivyo kijana hakukulia katika nyumba ya ufukara, wala hakukosa vitabu. Lakini mwaka wa 1960, akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Morehouse jijini Atlanta, alijiunga na vijana waliokwenda kuketi katika mikahawa ya wazungu na kuagiza chakula, wakijua wazi kwamba watakamatwa. Mwaka huo huo vijana hao wa majimbo ya kusini waliunda kamati yao, SNCC, iliyotamkwa "Snik". Bond akawa msemaji wake kwa magazeti, na mwaka wa 1961 akaacha masomo ili afanye kazi hiyo. Shahada yake alikuja kuichukua mwaka wa 1971.

Hapa kuna jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui. Desemba 1963, siku chache tu baada ya sisi kupata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alizuru Atlanta. Vijana wa SNCC walimwendea hotelini wakazungumza naye. Walipotoka waliingia mkahawa wa jirani ili wapate chochote cha kutia tumboni, wakanyimwa huduma kwa sababu ya rangi yao, nao hawakuondoka. Wakatiwa mbaroni. Waimbaji wa SNCC wakatunga wimbo wenye jina la Jaramogi, ukaimbwa katika mikutano yao.

Turudi bungeni. Kwa miaka mingi siasa za Georgia zilipangwa kwa namna ambayo vijiji vyenye watu wachache vilikuwa na nguvu kuliko miji. Mwaka wa 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maeneo ya uwakilishi katika mabunge ya majimbo lazima yawe na idadi ya watu inayokaribiana. Georgia ikalazimika kuchora mipaka upya, Atlanta ikapata viti zaidi, na Juni 1965 ukafanywa uchaguzi maalum. Bond alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wanataka nini, akashinda kwa takriban asilimia 82 ya kura. Alikuwa mmoja wa Wamarekani weusi wanane walioingia katika Baraza la Wawakilishi mwaka huo.

Angeapishwa kimya kimya kama si mauaji yaliyotokea jimbo jirani. Tarehe 3 Januari 1966, huko Tuskegee, Alabama, mwanafunzi aitwaye Sammy Younge, aliyekuwa amewahi kutumikia katika jeshi la wanamaji, alipigwa risasi kwenye kituo cha petroli. Ugomvi ulihusu choo cha wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa taarifa kali: serikali inadai inapigania uhuru kule Vietnam, ilhali hapa nyumbani hailindi watu weusi. Taarifa hiyo ikawaunga mkono vijana waliokataa kuitwa jeshini. Bond hakuiandika, lakini mwandishi wa habari alipompigia simu kumuuliza kama anakubaliana nayo, hakuruka wala hakukwepa. Alisema ndiyo.

Basi tarehe 10 Januari wabunge wakakusanyika kuapishwa. Wenzake waliinuka, wakala kiapo. Yeye aliambiwa akae pembeni. Hoja ya waliompinga ilikuwa hii: kiapo kinamtaka mbunge aiunge mkono Katiba ya Marekani na ya Georgia, na mtu mwenye maneno kama yale hawezi kula kiapo hicho kwa moyo safi. Bond alijibu kwamba yuko tayari kukila, tena hana pingamizi na neno lolote lililomo. Haikusaidia. Kura zilipohesabiwa, 184 zilikuwa za kumkataa na 12 za kumkubali. Zilikuwa zimebaki siku nne atimize miaka 26.

Wazee wa Georgia waliojua historia hawakushangaa. Mwaka wa 1868, miaka mitatu tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, bunge lilo hilo liliwatimua wabunge weusi kwa hoja kwamba mtu mweusi ana haki ya kupiga kura, lakini eti haki ya kupigiwa kura hana! Ilibidi serikali ya Washington iingilie kati ndipo wakarudishwa mwaka wa 1870.

Kiti cha Bond kilitangazwa kuwa wazi. Februari 1966 uchaguzi mdogo ukafanywa, wananchi wakamrudisha yeye yule. Kamati ya bunge ilimtaka kwanza ayakane maneno yake. Alipokataa, mlango ukabaki umefungwa. Novemba ukaja uchaguzi wa kawaida, akashinda mara ya tatu. (Mwaka huo huo, hapa kwetu, wabunge waliomfuata Odinga kutoka KANU kwenda KPU walilazimishwa na mabadiliko ya Katiba kurudi kwa wapiga kura, katika ule Uchaguzi Mkuu Mdogo wa Juni 1966. Wengi wao walishindwa. Sababu zilikuwa tofauti, lakini mwalimu wa historia anaweza kuyaweka mambo haya mawili ubaoni pamoja.)

Bond alikuwa pia amekwenda mahakamani. Majaji watatu wa shirikisho waliosikiza kesi kwanza waligawanyika, wawili dhidi ya mmoja, akashindwa. Akakata rufani. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ilimpa haki. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Alieleza kwamba jimbo lina haki ya kudai kiapo, lakini wabunge walio wengi hawawezi kujifanya wapimaji wa moyo wa mwenzao. Zaidi ya hayo, mbunge hana uhuru mdogo wa kusema kuliko raia wa kawaida. Anahitaji nafasi pana, kwa maana waliomchagua wanapaswa kujua msimamo wake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uzito wote wa kesi ulipo. Aliyefungwa mdomo siku ile hakuwa Bond peke yake, bali eneo zima la Atlanta lililokaa mwaka mzima bila mwakilishi.

Tarehe 9 Januari 1967 aliapishwa. Alikaa katika Baraza la Wawakilishi hadi 1975, kisha katika Seneti ya jimbo hadi 1987. Jina lake lilivuma zaidi ya kazi yake. Mwaka wa 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, alipendekezwa awe makamu wa rais, akajiondoa kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na Katiba inataka 35. Huko Atlanta kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida ya mbunge yeyote: barabara, shule, malalamiko ya wapangaji.

Jambo kubwa alilolifanya katika Seneti lilihusu mipaka, ile niliyokuomba uiweke akilini. Baada ya sensa ya 1980 alipigania eneo la tano la Kongresi, la Atlanta, lichorwe ili watu weusi wawe wengi ndani yake. Bunge lilikataa. Mwaka wa 1982 mahakama ya shirikisho ikasema ramani ya bunge ilichorwa kwa nia ya ubaguzi, na eneo likachorwa upya.

Mwaka wa 1986 Bond mwenyewe aligombea kiti hicho. Mpinzani wake? John Lewis, rafiki yake wa tangu siku za SNCC. Kampeni ilikuwa chungu. Lewis alimtaka wakapimwe wote kama wanatumia dawa za kulevya, Bond akakataa. Raundi ya kwanza Bond aliongoza, lakini katika marudio Lewis alipata asilimia 52. Weusi wengi walimpigia Bond, ila kura za wazungu zilimwendea Lewis kwa wingi. Aliyelipigania eneo akalikosa, na Lewis akalishika hadi alipofariki mwaka wa 2020. Bond aligeukia ualimu wa chuo kikuu, akawa mwenyekiti wa NAACP kuanzia 1998 hadi 2010, akaaga dunia Agosti 2015.

Kesi yake haijazeeka. Tarehe 6 Aprili 2023, mjini Nashville, mji ule ule aliozaliwa Bond, Baraza la Wawakilishi la Tennessee liliwafukuza wabunge wawili vijana weusi, Justin Jones na Justin Pearson, kwa kuongoza maandamano ndani ya ukumbi wakidai sheria kali za bunduki baada ya watu kuuawa shuleni. Mwenzao wa tatu, mama mzungu aliyesimama nao, aliponea kwa kura moja. Haikupita wiki moja kabla ya mabaraza ya maeneo yao kuwarudisha wote wawili kwa muda, na Agosti 2023 wapiga kura wakawachagua tena.