Usitume Arbuni Kabla ya Kukaa Kitini: Kununua Mashine ya Kupiga Makasia ya Nyumbani

Mwaka jana dada yangu mkubwa, anayeishi Mombasa, aliambiwa na daktari afanye mazoezi lakini aachane na kukimbia, magoti yake hayataki. Akaamua kununua mashine ya kupiga makasia. Siku mbili baadaye akanipigia simu: "Ndugu yangu, nimepata moja bei poa, elfu thelathini tu. Lakini mwenyewe anataka arbuni ya elfu tano leo leo, ati kuna mtu mwingine anaitaka. Nitume?"

Nikamuuliza kama ameiona. Hajaiona, ameona picha.

Hiyo elfu tano tutairudia. Tuanze na mashine yenyewe, maana hata muuzaji mwaminifu anaweza kukuuzia kitu ambacho baada ya miezi mitatu kitakuwa pahali pa kuanikia taulo.

Zile za bei ya chini kabisa huwa na mabomba mawili ya mafuta, mfano wa shokabzoba za gari. Ni ndogo, unaisukuma chini ya kitanda. Shida ni kwamba ukipiga kwa muda mafuta yanapata moto na mashine inalegea mkononi, na siku mabomba yakianza kuvuja utaona madoa sakafuni. Ya sumaku ni kimya, na wanaokaa ghorofani wanaipenda kwa sababu hiyo. Ya maji ina tangi na sauti tamu, ila ukisahau kidonge cha kusafisha maji, hasa kama tangi linapigwa na jua, maji yanageuka kijani. Ya upepo ina feni: kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo inavyokuwa nzito. Inapiga kelele, jirani atajua ratiba yako.

Katika za upepo, ile ya Concept2 kutoka Marekani ndiyo utakayoikuta kwenye jimu nyingi. Kampuni hiyo ilianzishwa 1976 na ikatoa mashine yake ya kwanza 1981. Mimi naipenda kwa sababu ya spea: mnyororo, rola za kiti, kamba ya mpira inayorudisha mpini, kila kimoja kinauzwa peke yake. Kidude chake cha kupimia kinatumia betri mbili kubwa za tochi, kwa hivyo stima ikipotea unaendelea tu. Mpya ni ghali, hilo sifichi. Lakini iliyotumika na kutunzwa ina miaka mingi mbele kuliko mpya ya bei rahisi ambayo spea zake hazipatikani popote.

Iwe mpya au ya mkono wa pili, iombe dakika kumi. Kaa kitini, uteleze mbele na nyuma polepole bila kuvuta. Ukisikia kiti kinagonga-gonga, rola zimeisha au reli ina mikwaruzo. Pitisha kidole juu ya reli. Chuma cha pua kinafutika, lakini chuma kilichopakwa rangi kikishaanza kubanduka kutu hairudi nyuma. Sasa vuta mpini mpaka mwisho na uurudishe taratibu. Ukibaki unaning'inia badala ya kurudi wenyewe hadi ndani, kamba ya mpira imechoka. Mnyororo uangalie pingili kwa pingili. Concept2 wanasema upakwe mafuta kila baada ya saa 50 za matumizi, na muuzaji anayejua mashine yake atakuambia aliupaka lini. Mwisho, vuta kwa nguvu zako zote. Fremu ikiyumba dukani, nyumbani itayumba zaidi.

Uliza uzito inaoweza kubeba, na usichague inayofika kwenye uzito wako tu. Pima chumba pia: nyingi za upepo ni karibu futi nane kwa urefu, ingawa Concept2 inatenganishwa vipande viwili ukimaliza.

Kwa ndugu zetu wa pwani kuna jambo jingine. Hewa ya chumvi inakula mnyororo na nati haraka kuliko jasho. Iweke mbali na dirisha linalotazama bahari, ifute kila ukishuka, na usikae wiki bila kuugusa mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Sasa malipo. Muuzaji akikuharakisha utume arbuni kabla hujaona kitu, hiyo haraka ni yake, si yako. Lipa ukiwa umesimama karibu na mashine, na ikiwezekana kwa namba ya till ya duka badala ya namba ya mtu binafsi. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama bango la duka linasema hivi na simu inasema vile, uliza kwanza. Kurudisha muamala kumewekwa hasa kwa aliyekosea namba, na mpokeaji akishatoa pesa huwa ni kazi ngumu kuzipata. Mwambie pia akuandikie risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti, kisha uhifadhi ile SMS ya malipo pamoja nayo. Na tafadhali, usinunue kwa mkopo wa simu unaotozwa ada kila siku. Afadhali ufunge akiba kidogo kidogo miezi mitano. Kama bado una hamu ya kupiga makasia mwezi wa tano, basi utaitumia kweli.

Dada hakutuma. Alimwambia yule muuzaji anakuja kuiona na pesa iko kwenye simu, tayari. Namba ikawa haipatikani tangu jioni ile.

Miezi minne baadaye alinunua ya upepo kutoka jimu iliyokuwa inafunga. Aliikalia, akaivuta, akagundua kamba ya mpira imelegea, akapunguziwa elfu nne za kununua nyingine. Alilipa hapo hapo mlangoni, fundi wa mkokoteni akishuhudia. Sasa anapiga dakika ishirini kila jioni, lakini amemwahidi mama wa ghorofa ya chini kwamba saa mbili usiku atakuwa amemaliza.