Simu Inayozijua Kaya Zake Tu

Je, wajua kwamba simu ya mhudumu wa afya ya jamii inaweza kufungua kadi ya mjamzito mahali ambapo mtandao haushiki kabisa? Haina haja ya kuuliza seva, kwa sababu kadi imo ndani ya simu yenyewe. Kadi ya mjamzito wa kata jirani, kwa upande mwingine, haimo. Mhudumu akilitafuta jina lake hatalipata. Hakuna nywila iliyoificha. Kadi hiyo haijawahi kufika kwenye simu hiyo.

Kanzidata nzima inakaa kwenye seva kuu, na kila simu inapewa nakala ya kipande chake tu. Zanzibar wanaitumia mbinu hii katika mpango wa Jamii ni Afya, na Kenya katika mfumo wa taifa wa afya ya jamii, ambako mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahudumu wapatao 100,000. Mifumo yote miwili imejengwa juu ya programu huria iitwayo Community Health Toolkit.

Wakazi wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, wanaijua hekima hii katika sura ya zamani zaidi. Zahanati zina vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Jina, umri, kijiji na ugonjwa huandikwa kwenye rejista, na mwisho wa mwezi mhudumu anajumlisha, kisha jumla hizo zinakwenda wilayani. Tangu mwaka 2013 mfumo wa kompyuta wa DHIS2 unazipokea jumla hizo kutoka wilaya zote za Tanzania Bara. Kwa hiyo Rujewa inaweza kujua ni wangapi waliougua malaria katika kata yake ya Madibira mwezi uliopita, bila kujua ni nani na nani. Majina yamebaki kwenye kitabu, na kitabu kimebaki zahanati. Utaratibu huu unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa, maana aliyeubuni alianza kwa kujiuliza wilaya inahitaji nini hasa.

Simu ina mtihani mgumu kuliko kitabu, kwa kuwa haipeleki jumla, inapeleka rekodi nzima yenye jina, namba ya simu na matokeo ya kipimo. Kuchagua nani apate nini ni kazi ya programu, na inafanyika hivi. Kila mtu aliyesajiliwa anafungwa kwenye kaya, kaya kwenye eneo la mhudumu, na eneo kwenye kituo cha afya. Simu ikipata mtandao, seva inatazama mwenye simu ni wa eneo gani, kisha inatoa rekodi zilizo chini ya eneo hilo tu. Msimamizi aliye kituoni yuko juu zaidi kwenye mti huo, lakini si lazima apewe kila kilicho chini yake. Mfumo unaweza kupangwa aishie kuwaona wahudumu wake na kaya zao, bila kufikia taarifa za mgonjwa mmoja mmoja.

Kanzidata inayobeba kazi hii, CouchDB, ilianzishwa na Damien Katz mwaka 2005. Imeandikwa kwa Erlang, lugha ya kompyuta iliyozaliwa katika kampuni ya Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu, na naona hilo linaifaa sana kazi ya vijijini. Ndani yake kila badiliko linaingia kwenye orodha kwa mfuatano. Simu inakumbuka ilipoishia, na ikirudi hewani inauliza swali moja: baada ya pale, kumetokea nini? Mtandao ukikatika katikati, haianzi upya. Inaendelea palepale, na bando halipotei bure.

Je, watu wawili wakiibadilisha kadi moja wakiwa wote nje ya mtandao? Kila toleo la kadi lina alama: idadi ya mabadiliko yaliyopita, ikifuatwa na herufi na tarakimu zinazokokotolewa kutokana na maudhui yake. Toleo lenye historia ndefu ndilo linaloshinda, na zikilingana, alama hizo ndizo zinazoamua. Kila kifaa kinafikia jibu lilelile bila kushauriana na kingine. Lililoshindwa halitupwi papo hapo, linabaki likisubiri mtu aamue. Kwa kadi ya dawa naona hilo ni jambo kubwa, maana kompyuta inajua toleo lipi ni refu, haijui lipi ni la kweli.

Panapouma zaidi ni pale watu wanapohama, na bonde la Usangu, huko huko Mbarali, lina watu wengi wa kuhama: wanaokuja kupanda na kuvuna mpunga, na wafugaji wanaofuata malisho. Tuseme mama mjamzito anahamia Ubaruku kutoka Madibira. Kumpa mhudumu wa Ubaruku kadi yake ni rahisi, seva inabadilisha eneo basi. Kuiondoa kwenye simu ya Madibira ndiko kugumu, kwa sababu chujio la seva linazuia nakala mpya tu; haliendi kufuta kilichokwisha kupakuliwa. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa ziendane na lengo lililokusudiwa, na lengo la nakala ya Madibira limekwisha siku mama alipohama. Usafishaji wake lazima upangwe waziwazi tangu mwanzo.

Tanzania Bara ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024, ukilenga wahudumu 137,294, kwa hiyo maswali haya yanatuhusu leo. La mwisho linahusu umri wa taarifa. Simu ya bei nafuu inalemewa rekodi zikizidi, na Community Health Toolkit inaruhusu ripoti za zamani ziondoke kwenye simu huku zikibaki kwenye seva. Ziara ya kawaida ya miaka miwili iliyopita iondoke. Lakini kama katika mimba iliyopita mama alipata kifafa cha mimba, ripoti hiyo ibaki kwenye simu hata ikiwa ya zamani kuliko zote, na anayefaa kuandika kanuni hiyo ni mkunga akiwa ameketi pamoja na mtaalamu wa programu.