Kuwasha Moto Wakati wa Mvua

Katika Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili. Majira hayo kuni hulowa, na wapishi wengi, tangu Tunduma hata vilima vya Mbozi, hupata taabu ya moto. Wako wanaomwagia kuni mafuta ya taa au petroli, na wako wanaowashia vipande vya plastiki. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu ubaya wa desturi hizo, na njia iliyo bora.

Mafuta yakimwagwa penye kaa lililo hai, mvuke wake hushika ghafula, na ulimi wa moto huweza kurudi hata kwenye chombo kilicho mkononi. Hivyo mpishi huungua, na watoto walioketi karibu naye. Moshi wa plastiki nao ni sumu kifuani.

Fahamuni ya kuwa ukuni uliolowa hauwaki upesi, kwa sababu joto hutumika kwanza kukausha maji yaliyomo. Basi dawa yake si mafuta, bali ni vijiti vyembamba vilivyokauka. Chagueni matawi yaliyokufa yangali juu ya mti, wala si yale yaliyolala chini penye unyevu. Kivunjeni kijiti: kikikatika kwa mlio, ni kikavu, kikipindika, kiacheni. Matawi ya mibuni yaliyopogolewa hufaa sana yakisha kukauka, na magunzi ya mahindi vilevile.

Kupanga kwake ni hivi. Kwanza, tandikeni vijiti vikavu katikati ya mafiga, ili unyevu wa ardhi usizuie moto. Pili, wekeni juu yake konzi ya nyasi kavu au maganda ya mahindi, bila kushindilia, maana moto hauishi pasipo hewa. Tatu, simamisheni pande zote vijiti vyembamba kama njiti za kibiriti, mfano wa paa la msonge, mkiacha mlango upande utokako upepo. Washeni chini, hapo mlangoni, kwa kuwa moto hupanda. Vikishika, ongezeni vya unene wa kidole, kisha kuni kubwa, mmoja mmoja.

Wazee na walimu na wawafundishe watu haya, na kila nyumba iweke tita la vijiti mahali pakavu, mbali kidogo na jiko, kabla mvua hazijaanza. Akiba haiozi.