Majina ya Kompyuta na Intaneti katika Orodha ya Mahitaji ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Zamani mahitaji ya mwanafunzi wa chuo kikuu yalihesabika kwa urahisi: vitabu, madaftari, kalamu, na nafasi ya kuketi maktabani. Siku hizi kompyuta na intaneti zimeongezwa, na vyuo vingi hutangaza kabla ya masomo kuanza ni chombo cha namna gani kimfaacho mwanafunzi. Matangazo hayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Lakini mzazi auzaye mpunga ili kupata fedha za kukinunua chombo hicho, na mwenye duka akiuzaye, na mwanafunzi mwenyewe, wote huzungumza juu yake kwa Kiswahili. Kwa hiyo maana ya maneno hayo si jambo la wanaisimu peke yao. Neno moja likibeba vitu viwili, fedha ya mtu yaweza kupotea.

Istilahi hizi hazina umri mkubwa. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kwa miaka mingi wachache tu walikuwa na haja ya kuzitaja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo amri zake ni za Kiswahili. Kisha mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na intaneti, iliyokuwa ikitegemea zaidi setilaiti, ikapata njia pana zaidi. Maneno yakatoka katika vyumba vya wataalamu yakaingia madukani.

Wataalamu wamebishana sana juu ya jina la chombo chenyewe. Wengine husema kompyuta. Wengine, hasa nchini Kenya, husema tarakilishi. Na katika kamusi limo pia neno ngamizi. Mabishano hayo yana faida yake, lakini hayamdhuru mnunuzi, kwa kuwa majina yote matatu yaelekea kitu kimoja. Tena yako maneno yaliyoundwa ambayo humsaidia mnunuzi waziwazi. Kipakatalishi ni mfano mwema: ndani yake mna kitenzi kupakata, yaani kuweka mapajani kama mama ampakatavyo mwanawe. Alisikiapo, mtu hutambua mara moja kwamba si ile kompyuta ikaayo mezani daima.

Hatari iko penginepo, na ya kwanza imo katika neno kumbukumbu. Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea habari. Pa kwanza ni pale inapoweka kazi ifanywayo wakati huo, na umeme ukizimwa yaliyomo hutoweka. Pa pili ni diski, ambamo faili hukaa hata chombo kikiwa kimezimwa. Tofauti yake ni kama ile ya meza ya msomaji na rafu za maktaba: rafu zikiwa nyingi kiasi gani, meza iliyo ndogo haitapokea vitabu vingi kwa mara moja. Orodha ikitaka gigabaiti 8 za mahali pa kwanza na gigabaiti 256 za mahali pa pili, na zote mbili zikaitwa kumbukumbu, mnunuzi aweza kuuziwa chombo chenye diski ya gigabaiti 500 na gigabaiti 2 tu za kufanyia kazi, akaamini kwamba amepata kupita alichotakiwa. Basi yafaa kumbukumbu liachiwe mahali pa kwanza, na mahali pa pili paitwe hifadhi, hasa kwa kuwa kitenzi kuhifadhi kimekwisha kuzoewa kwa kuweka faili.

Neno la pili ni mtandao. Mtu akiulizwa atumia mtandao gani, hutaja kampuni ya simu. Akisema mtandao umekatika, pengine ana maana ya mawimbi ya simu. Na akisema amesoma habari mtandaoni, ana maana ya intaneti. Chuoni liko jambo la nne: kompyuta zaweza kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe ndani ya majengo, intaneti isiwepo. Tangazo lisemalo kwamba mwanafunzi awe na mtandao halimwambii anunue nini. Ni vema liseme intaneti likikusudia intaneti, na mtandao wa chuo likikusudia ule wa ndani.

La tatu ni biti na baiti, maneno yanayotofautiana kwa sauti kidogo tu. Baiti moja ni biti 8. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini kifurushi, ambacho vijana hukiita bando, hupimwa kwa megabaiti au gigabaiti. Mhadhara wa video wa saa moja, ukipita kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, hutumia megabiti 3,600, ndizo megabaiti 450. Kifurushi cha gigabaiti 1, basi, hakitimizi mihadhara mitatu ya namna hiyo. Asiyetenga maneno haya mawili hukosea hesabu yake mara nane.

Yaonekana, basi, kwamba swali la kukopa neno au kuliunda si swali la kwanza katika kazi hii. Gigabaiti ni neno la kukopa nalo laeleweka. Kumbukumbu ni neno la Kiswahili safi nalo lapoteza watu njia. Lipaswalo kutangulia ni kwamba vitu vilivyo viwili katika chombo viwe na majina mawili katika lugha. Likitimizwa hilo, orodha ya mahitaji yaweza kuandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mzazi akaisoma mwenyewe kabla ya kufungua mfuko wake.