Mirathi Ndani ya Simu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Hivi majuzi tulialikwa kwenye hakathoni hapa Mombasa. Jina hilo lilikuwa geni kwetu, tukaelezwa kuwa ni mashindano ya vijana wanaobuni programu za tarakilishi na simu. Hukusanyika siku mbili, kila kundi likichagua tatizo moja la jamii na kulitafutia ufumbuzi, kisha waamuzi huchagua mshindi. Nasi tulitakiwa tuwe washauri siku ya kwanza na waamuzi siku ya pili. Tuliitikia kwa kusitasita, kwani elimu yetu ni ya chuoni, si ya mashine.

Kundi tulilokabidhiwa lilikuwa la mabinti wanne, waliokuwa wakitengeneza programu ya kugawa mirathi. Tulipouliza kilichowasukuma, kiongozi wao alisema, "Maalim, baba alipofariki, mama alipewa karatasi yenye fungu lake, asijue limepatikana vipi. Nataka kila mjane aweze kuihakiki karatasi yake."

Tuliwakumbusha kuwa kazi hiyo si ngeni katika Uislamu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika kitabu cha aljebra ambacho sehemu yake kubwa ni hesabu za wasia na mirathi. Na neno algorithimu, walilokuwa nalo mdomoni kutwa nzima, asili yake ni jina lake.

Kisha tukaijaribu programu. Tuliipa mjane, mwana mmoja wa kiume na wawili wa kike. Ikatoa thumuni ya mjane, na kilichobaki ikakigawa kwa watoto sawasawa na sharia. Tukaipa suala la pili: mwanamke amefariki na kuacha shilingi 4,200,000, na warithi wake wote ni mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Programu ikampa mume nusu yake, shilingi 2,100,000, na dada wale thuluthi mbili yao, shilingi 2,800,000. Jumla, 4,900,000. Mabinti wakatazamana. Hizo 700,000 zatoka wapi?

Suala hilo liliamuliwa tangu zama za Sayyidna Umar (R.A.), na wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanalifuata hadi leo. Mafungu yanapozidi mali, kila mrithi hupunguziwa kwa kadiri ya fungu lake, na hali hiyo huitwa aul. Mali hugawiwa mafungu saba badala ya sita: mume huchukua matatu, yaani 1,800,000, na dada manne, yaani 1,200,000 kila mmoja. Hapo hesabu hutimia.

Kosa hilo lilirekebishika. Lililotushughulisha zaidi ni kuwa programu haikuwa na mahali pa kuandika madeni. Tukawaeleza kwamba kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawiwe. Na miongoni mwa madeni ni mahari ambayo mume hakuyamaliza.

Yule kiongozi akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama hutuambia kuwa baba hakumaliza mahari yake. Sisi tukidhani ni mazungumzo ya zamani tu."

Tukamnasihi asilifanye jambo hilo kuwa ugomvi. Aanze kwa mama yake, amuulize kama alisamehe au bado anadai. Kisha waendewe wazee wa ukoo, na wasipoafikiana Kadhi yupo. Usiku ule mabinti hawakulala, na kufikia alfajiri swali la kwanza katika programu yao lilikuwa: je, marehemu ana deni, na mahari ya mkewe yalikwisha?

Siku ya pili tulikuwa na mtihani wetu wenyewe. Moyo ulikuwa umekwisha kuwaelekea mabinti wale, nasi tunayajua mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu makadhi watatu, na kwamba ni mmoja tu aliyeahidiwa pepo. Tukawaambia waamuzi wenzetu kuwa kundi hilo tumelishauri sisi, basi hatutalipa alama. Ushindi ukaenda kwa kundi lililobuni programu ya kuwasaidia wavuvi kuuza samaki, na mabinti wakawa wa pili.

Kiongozi wao alitufuata mlangoni. "Maalim, ungetupa alama zako tungeshinda."

Tukamjibu, "Binti yangu, programu yenu yataka kila mtu apate haki yake. Je, ingefaa ishinde kwa haki ya mwengine?" Akainamisha kichwa, kisha akatabasamu.

Wazazi wetu na dada zetu, programu kama hii ni msaidizi tu, wala haichukui nafasi ya mwanachuoni. Mahakama za Kadhi zinatambuliwa na Katiba ya mwaka 2010, na mirathi ya Waislamu ni miongoni mwa mambo yake; zitumieni panapotokea mzozo. Andikeni madeni yenu mkiwa hai, na mume ayataje mahari anayodaiwa. Na binti mwenye hamu ya elimu hii ya tarakilishi asizuiwe, bali afundishwe na faraidhi pamoja nayo, kwani huenda akawa ndiye atakayemuuliza mama yake swali ambalo wakubwa walilisahau.

Mola atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana. Amin.